Maswali ya Wasomaji: Mashine Kuukuu Yenye Rangi Mpya

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Nina karakana ndogo ya kutengeneza pampu za maji. Familia ya fundi aliyefariki inauza mashine yake ya kukereza chuma, chapa Myford ya Uingereza. Dalali anasema ni ya aina ya Super 7 na anataka bei ya Super 7, ila kibao cha jina hakipo na mashine imepakwa rangi mpya ya kijani. Nitaitambuaje, nikague nini, na je, itakata hesi (mikato ya skrubu) za milimita? – Msomaji, Arusha

JIBU: Ndugu msomaji, rangi isikushughulishe, maana kopo moja hufunika miaka hamsini ya kazi ngumu. Myford walianza kuunda mashine mwaka 1934 huko Beeston, karibu na Nottingham, na mashine yao ya aina ya ML7 ilitoka mwaka 1946. Super 7 ilifuata katika miaka ya 1950, na kwa mbali zinafanana kama ndugu wa tumbo moja. Kwa hiyo tazama kichwa cha mashine, pale spindeli, yaani mhimili unaozungusha chuma, inapozungukia. Ukiona spindeli imeshikwa na vifuniko viwili vya chuma, kimoja mbele na kingine nyuma, ambavyo vimefungwa kwa bolti na vinaweza kufunguliwa, hiyo ni ML7, hata dalali akiapa. Super 7 haina vifuniko hivyo: mbele spindeli yake hukaa ndani ya bushi ya shaba nyeusi iliyochongwa mshazari, na nyuma hushikwa na beringi za gololi. ML7 si mashine mbaya hata kidogo. Ubaya ni kuilipia bei ya nduguye.

Sasa ukaguzi. Sehemu inayoamua thamani ni reli za kitanda ambazo kibebeo cha kisu huteleza juu yake, kwa sababu chuma cha kusubu hulika pale kinaposuguliwa zaidi, yaani karibu na chaku (kibano kinachoshika chuma kinachokerezwa), huku upande wa mwisho ukibaki karibu kama ulivyotoka kiwandani. Sogeza kibebeo hadi karibu na chaku, kaza skrubu zake za kurekebisha hadi kisitikisike lakini bado kiteleze, kisha kisogeze polepole kuelekea upande wa pili. Kikianza kuwa kizito au kikakwama njiani, kitanda kimelika, nawe utakereza vyuma vilivyo vinene upande mmoja. Kutu nyepesi inayotoka kwa mafuta na kitambaa haina neno. Wasiwasi wangu ni kwa yule aliyeisafisha kwa mashine ya kusagia, kwani huyo ameondoa usawa ambao hutaurudisha karakanani kwako.

Halafu bana kipande kirefu cha chuma kwenye chaku, ukiinue na kukishusha kwa mkono. Mchezo mdogo kwenye ML7 hurekebishika, kwa kuwa chini ya vile vifuniko kuna vibati vyenye tabaka nyembamba ambazo hubanduliwa moja moja kadiri beringi zinavyolika. Zungusha pia gia za mwendo wa polepole kwa mkono, jino kwa jino. Wengi huzitumia kuizuia spindeli wanapofungua chaku iliyokwama, na hapo ndipo meno huvunjika. Kwenye miguu na mabano, mstari wa rangi ya dhahabu chini ya rangi iliyobanduka ni dalili ya ufa uliozibwa kwa shaba.

Hesi za milimita zinawezekana, ingawa skrubu kuu ya mashine hii, ile inayosogeza kibebeo cha kisu, imekatwa kwa inchi, hesi 8 kwa kila inchi. Kwa kuwa inchi moja ni milimita 25.4, uwiano kamili hupatikana kwa gia yenye meno 127. Bila hiyo mafundi hupanga gia nyingine zinazokaribia sana, na kwa boliti za pampu tofauti hiyo haionekani. Kisu cha pembeni nacho husogea inchi 0.1, yaani milimita 2.54, kwa kila mzunguko wa mpini wake, hivyo zoea kupiga hesabu. Kabla ya kulipa, omba sanduku la gia za kubadilisha na uzihesabu mbele ya familia. Zikiwa zimepotea utazinunua moja moja kutoka nje, na hiyo ni sababu halali ya kupunguziwa bei kuliko kutu yoyote utakayoonyeshwa.