Sijawahi kucheza mpira. Naweza kufanya kazi ofisi ya klabu?

SWALI: Shikamoo. Nipo mwaka wa pili chuoni hapa Dodoma, nasoma shahada ya uhasibu. Mpira naupenda lakini sijawahi kuchezea hata timu ya darasa. Nataka siku moja niajiriwe na klabu ya Ligi Kuu, upande wa utawala. Nihamie kozi ya michezo? Na kabla sijamaliza, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba. Kozi usiiguse. Wanaojua kuupanga mpira ni wengi hadi vijiweni. Anayeweza kufunga hesabu za klabu ndiye anayetafutwa. Klabu haiendi Ligi ya Mabingwa wala Kombe la Shirikisho bila leseni ya CAF, shirikisho la soka la Afrika, na leseni hiyo ina vigezo vya michezo, miundombinu, utawala, sheria na fedha. Hicho cha fedha ni chako.

Pa kuanzia ni timu ya chuo chako, au timu yoyote ya mtaani inayocheza ligi ya wilaya. Usiombe cheo. Omba begi la leseni za wachezaji, yaani kadi zao za usajili, kwa sababu hakuna anayelitaka. Ukilishika, wewe ndiye utakayekaa kwenye kikao cha kabla ya mechi na kamishna wa mechi, waamuzi na wapinzani, mkipanga nani anavaa rangi gani. Mimi nilikiona kikao hicho kama porojo mpaka siku niliyochelewa kufika. Wageni walikuwa na jezi za kijani, na kipa wetu kijani vilevile, wakati sheria inataka kipa atofautiane na wachezaji wote na waamuzi. Alicheza na fulana ya mazoezi ya kocha, namba tumeibandika kwa plasta. Kufikia kipindi cha pili plasta ilikuwa imeshabanduka.

Timu ikisafiri, omba bajeti uiandike wewe. Wachezaji 20, benchi la ufundi watu 5, siku 2, milo 3 kwa siku: watu huandika sahani 150. Ni 156, maana dereva naye anakula.

Jambo moja ambalo mhasibu atalielewa haraka kuliko mchezaji mstaafu: mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, kanuni za FIFA za uhamisho hutenga asilimia 5 ya ada kwa ajili ya klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, kila moja kwa muda iliokaa naye. Ada ikiwa dola 200,000, fungu hilo ni dola 10,000. Kwa timu ya mtaani hiyo ni hela ya jezi, mipira na nauli za msimu mzima na zaidi. Ila uthibitishe kwamba mchezaji alisajiliwa kwako, tangu lini hadi lini. Timu nyingi zina kumbukumbu hiyo kichwani mwa mzee mmoja. Kwa hiyo kazi yako ya likizo iwe hii: orodha ya kila mchezaji, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya usajili, tarehe ya kuondoka, na nakala ya fomu. Kanuni zenyewe zipo bure kwenye tovuti ya FIFA. Kiingereza chake kizito, zisome kidogo kidogo.

AFCON ya 2027 inakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Nafasi za kujitolea zikitangazwa, omba, hata kama utapangwa getini. Ila mwajiri akiniuliza kuhusu kijana, mimi nataka kuona lile faili la usajili kwanza kuliko picha akiwa na kitambulisho shingoni.

Na ndani ya begi la leseni weka kalamu mbili. Kamishna ataazima moja, na haitarudi.