Jibu: Hamu imeisha baada ya hedhi kukoma, nidungwe testosteroni?

Habari dada. Umesema una miaka 52, hedhi ilikoma, hamu ya tendo la ndoa imeisha, na mwenye duka la dawa mtaani anataka kukudunga testosteroni, homoni iliyo nyingi zaidi kwa wanaume. Tafadhali usikubali. Sindano hizo ni za wanaume. Mwanamke akidungwa anaweza kuota ndevu, na sauti ikishakuwa nzito huenda isirudi.

Mimi hapa mtaani Umoja nilianza kwa kuangalia dawa nilizokuwa nikimeza. Baadhi ya dawa za mfadhaiko hupunguza hamu, ila usiziache ghafla. Pima damu na tezi ya shingoni pia.

Unaumia wakati wa tendo? Mimi nilikuwa mkavu, nageukia ukuta namwambia mzee nimechoka. Krimu ya estrojeni (homoni ya kike) ya kupaka ukeni ilinitoa hapo.

Testosteroni ya jeli husaidia baadhi yetu, kwa kipimo kidogo, daktari wa wanawake akifuatilia damu.