Maswali ya Madereva: Tangi Tupu, Matairi ya Ndani na Sigara Isiyoisha

Nikishashusha petroli yote, naweza kuvua mabango ya hatari?

Hapana, mpaka tangi lioshwe na mvuke wote utolewe. Kwenye tangi lililojaa, nafasi ya juu ni ndogo na mvuke wake ni mzito kiasi kwamba haukuti hewa ya kuuwasha. Ukishusha, hewa inaingia. Mvuke wa petroli ukifika kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya hewa hiyo, cheche moja inatosha. Kwa hiyo fundi anayekwambia "lete nichomelee, si halina kitu", mkimbie.

Jana nilibeba petroli, leo napakia dizeli. Dizeli si haiwaki ovyo?

Hapa ndipo wengi wanapoungulia. Dizeli inayoingia inanyonya mvuke wa petroli uliobaki, na mchanganyiko uliokuwa mzito mno kuwaka unashuka hadi kiwango cha kuwaka. Wakati huohuo dizeli inayopita kwenye bomba inazalisha umeme tuli. Funga waya wa ethi, unaopeleka umeme huo ardhini, kwenye chuma kitupu, si juu ya rangi wala kutu, kabla hujafungua mfuniko au kuunga mpira. Uwe wa mwisho kutolewa. Anza kujaza polepole, mita 1 kwa sekunde, hadi mdomo wa bomba uzame. Ukimaliza, subiri umeme utulie kabla ya kutumbukiza kijiti cha kupimia. Ukiona kibano cha waya kimelegea, usiondoke na ahadi ya "kesho tutabadilisha".

Naruhusiwa kuvuta sigara nikiwa nimeegesha mbali na watu?

Hapana. Ya betri pia hapana. Swali hili naliona kila mara na sitalijibu tena.

Madumu ya asidi ya hidrokloriki na ya dawa ya klorini yote yana kibandiko namba 8. Nipakie pamoja?

Usithubutu. Namba zake za bidhaa, 1789 ya asidi na 1791 ya klorini, ziko daraja moja la hatari, lakini vikivuja na kukutana vinatoa gesi ya klorini, na wewe ndiwe uliye karibu zaidi. Kibandiko kinasema mzigo unababua. Hakisemi unapatana na jirani yake. Soma hati ya kila bidhaa. Mpakiaji akikuharakisha, mwambie akapande yeye.

X kwenye bango la rangi ya chungwa la lori, lenye namba juu na chini, ni ya nini?

Mzigo huo usiguswe na maji. Namba za juu ni aina ya hatari, na tarakimu ikijirudia, kama 33, hatari imezidi. Za chini ndizo za bidhaa yenyewe, mfano 1203 kwa petroli.

Mteja wa kwanza kachukua nusu ya mzigo. Niendelee kwenye njia ya kona?

Inategemea tangi. Lisilo na bamba za kuvunja wimbi ni baya kuliko yote likiwa nusu: unafunga breki, mafuta yanaendelea mbele, kisha yanarudi na kukusukuma. Kanuni za Ulaya za kusafirisha mizigo ya hatari barabarani, ADR, zinataka chumba kinachozidi lita 7,500 bila bamba kiwe juu ya asilimia 80 au chini ya 20. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake. Kwa tela, shusha vyumba vya nyuma kwanza. Ukiacha uzito nyuma, ekseli ya kuvuta inakuwa nyepesi na matairi yanateleza.

Tairi limeanza kutoa moshi. Nimwage mtungi wa kuzimia moto?

Mtungi utazima miali tu. Joto limebaki ndani ya mpira na moto utarudi. Tairi linahitaji maji mengi, mradi mzigo hauna X. Moto ukifika kwenye tangi, usishindane nao: zima swichi kuu ya betri, chukua hati, ondoka kuelekea upepo unakotoka na uzuie watu wasikaribie, hasa wenye ndoo.

Mara nyingi chanzo ni tairi la ndani la pacha lililoishiwa upepo, kwa sababu la nje linalibeba na jicho halioni. Pima kwa geji kabla ya safari, kisha kila unaposimama sogeza kiganja karibu nalo bila kugusa. Likiwa na joto kuliko wenzake, lifungue hapohapo uliweke mbali na lori, maana linaweza kuwaka hata likiwa chini.