Muulize Babu: Mtunzi wa tarehe 29 Februari

SWALI: Shikamoo Babu. Kwaya yetu hapa Mafinga husoma ubeti wa kuchekesha kila inapofika siku ya kuzaliwa ya mtunzi wa muziki. Sasa Rossini alizaliwa 29 Februari 1792. Mwaka usio na tarehe hiyo tumfanyieje?
Mwalimu wa kwaya

JIBU: Marahaba, mwanangu. Msimsogeze hata siku moja, utani wote uko hapo hapo. Mwaka 1800 haukuwa na tarehe 29 Februari, kwa hiyo baada ya 1796 alingoja hadi 1804. Alipofariki Novemba 1868, mzee wa miaka 76, siku yake ilikuwa imemrudia mara 18 tu. Nimehesabu kwa vidole mara mbili, jikoni, nikiota moto, maana baridi ya Iringa haina adabu. Ukatoka huu:

Rossini wa Italia, keki yako i njiani,
Minne tunasubiria, mishumaa mkononi,
Mvi zimekuvamia, bado wewe u shuleni,
Sabini umefikia, kumi na nane kekini!

Mizani ni nane kwa nane. Msomaji asikimbie akameza kina cha kati. Jamaa alikuwa mlaji hodari, basi ubeti wa pili mkalisheni mezani, mbele ya ugali na kikombe cha ulanzi.

Beethoven yeye msherehekeeni 17 Desemba. Hiyo ni tarehe ya ubatizo wake, mwaka 1770, na wanakwaya wako hawatalalamika.