Kubadilisha majina ya kurasa ili upande juu kwenye matokeo ya Google: jibu kwa mwenye nyumba ya wageni Jambiani

Waalaykum salaam, yakhe. Kwa watakaopita hapa baadaye, nalirudia swali kwa ufupi: mwenzetu ana nyumba ya wageni Jambiani, tovuti yake ni ya WordPress, ile programu ya kutengenezea tovuti, na kurasa zina anwani zisizo na mbele wala nyuma kama /tours-2/ na /rooms-new/. Kuna kijana amemwambia akizibadilisha zote, azitie maneno wanayotafuta wageni, atapanda mpaka juu. Ametaja na bei ya kazi hiyo. Je, ni kweli? Tena ana fikra ya kuhama kutoka .com kwenda .co.tz.

Kuna ukweli kidogo, lakini si wa kulipiwa pesa hizo.

Mimi riziki yangu inatoka kwenye tovuti za namna hii, za hoteli ndogo na za waongoza watalii, zaidi huku Unguja. Maneno yaliyomo kwenye anwani Google inayasoma, hilo halina ubishi. Ila uzito wake ni mdogo mno. John Mueller wa Google amelisema hilo mara nyingi: yanasaidia hasa pale Google inapoijua anwani lakini bado haijausoma ukurasa wenyewe. Ikishausoma, kinachozungumza ni kichwa cha ukurasa, maelezo yako, picha zako, na nani wengine wamekuwekea linki. Tena tangu Januari 2025, mtu akitafuta kwa simu haonyeshwi tena njia nzima ya anwani kwenye matokeo, anaona domeini tu, yaani jina la tovuti. Na wageni wetu wengi ndio hao, wako na simu mkononi. Hilo jina zuri unalotaka kulilipia, wengi wao hawataliona.

Sasa njoo kwenye hasara, maana kijana wako hakuitaja.

Kwa Google, anwani ndiyo kitambulisho cha ukurasa. Sifa yote uliyoichuma kwa miaka, linki ya mwandishi wa safari wa Italia, linki ya mtu aliyekusifia kwenye jukwaa la wapiga kaiti wa Paje, imefungwa kwenye anwani ile ile, herufi kwa herufi. Badilisha herufi moja tu, na kwa Google huo ni ukurasa mwingine uliozaliwa leo. Wa zamani unajibu 404, yaani haupo.

Nimeliona hili kwenye hoteli moja ya kaskazini. Mwenyewe aliajiri fundi wa kupamba tovuti, na fundi katika kupamba akabadilisha majina ya kurasa zote bila kuelekeza za zamani popote. Siku za mwanzo hapakuonekana kitu, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Google inaendelea kuonyesha anwani za zamani mpaka ipite tena na kukuta hamna kitu, halafu inaanza kuziondoa kidogo kidogo. Ukurasa wa safari za Mnemba, uliokuwa ukiwaletea wageni wengi kuliko hata ukurasa wa vyumba, ukatoweka. Mapokezi walikuwa na vile vikadi vya plastiki vyenye alama ya QR ya orodha ya safari. Mgeni anapiga picha ile alama, anasubiri, anageuza simu kumwonyesha dada wa mapokezi: ukurasa haupatikani. Vikadi vyote vikachapishwa upya.

Dawa ipo na si ghali. Ukihamisha ukurasa, acha maelekezo ya kudumu pale pale kwenye anwani ya zamani, wenyewe wanaita ridairekti ya 301. Kwenye sava ya Apache (sava ndiyo mashine inayotunza tovuti), ambayo hostingi nyingi za bei rahisi zinaitumia, ni mstari mmoja ndani ya faili la maagizo liitwalo .htaccess:

Redirect 301 /tours-2/ /spice-tour/

Usiuweke ndani ya lile fungu la mistari ambalo WordPress imejiandikia humo, maana WordPress huliandika upya fungu lake na mstari wako ukapotea. Kama unaogopa kugusa mafaili, zipo plagini, yaani viongezo vya WordPress, za bure zinazofanya kazi hiyo hiyo.

Zamani watu walihofia kwamba ridairekti inapunguza nguvu ya linki. Mwaka 2016 Gary Illyes wa Google alisema haipunguzi tena. Kwa hiyo hofu hiyo iacheni. Yanayoumiza ni mengine. La kwanza, na hili nalikuta kila mara, ni uvivu wa kuelekeza kurasa zote za zamani kwenye ukurasa wa mwanzo. Mtu alikuwa anatafuta msitu wa Jozani, unamtupa mlangoni ajitafutie mwenyewe. Google nayo inaweza kuihesabu ridairekti hiyo kama 404 tu, ukawa umefanya kazi bure. Ukurasa wa Jozani uende kwenye ukurasa wa Jozani, mmoja kwa mmoja. Na kama kweli huna tena kinachofanana nao, uache ufe na 404 yake, si aibu.

Usitumie 302, hiyo ni ya muda. Usirundike ridairekti juu ya ridairekti kila fundi mpya anapokuja; Googlebot, roboti ya Google inayosoma kurasa, hufuata mpaka hatua kumi kisha inaacha, lakini mgeni mwenye mtandao wa kusuasua ataacha mapema zaidi. Na usiifungie Google anwani za zamani kwenye robots.txt, faili linaloiambia Google wapi isiingie, ukidhani unasafisha. Ikizuiwa kufika, hayo maelekezo itayaona wapi?

Linki za ndani pia, yaani menyu, vitufe na maandishi, zirekebishe zielekee moja kwa moja kwenye anwani mpya. Ramani ya tovuti (sitemap, faili lenye orodha ya kurasa zako kwa ajili ya Google) vile vile.

Kuna jambo la WordPress ambalo wengi hawalijui. Ukibadilisha jina la makala (Post) iliyokwisha kuchapishwa, WordPress inalikumbuka lile la zamani na inaelekeza yenyewe. Kwa zile ziitwazo kurasa (Pages) haina kumbukumbu hiyo, na za nyumba ya wageni karibu zote ni kurasa. Pengine ikabahatisha kwa kufananisha majina, pengine isibahatishe. Wewe usiitegemee. Wale wenye anwani za ?page_id= wao wana nafuu: wakibadilisha mpangilio kwenye mipangilio ya viungo vya kudumu (Permalinks), zile za zamani WordPress inazielekeza yenyewe.

Kwako wewe ningefanya hivi. Fungua Search Console, chombo cha bure cha Google kwa wenye tovuti, tazama ni kurasa zipi zinaleta watu. Hizo zisiguswe hata kama majina yake yanakukera. Zile zisizoleta mtu na zenye jina la ovyo, zibadilishe ukipenda, kwa maneno mafupi yenye kistari (-) katikati, si mstari wa chini (_), na herufi ndogo zote. Usitie mwaka wala bei kwenye jina, la sivyo mwakani utataka kubadilisha tena.

Na fanya wakati wa masika, Machi au Aprili, wageni wakiwa wachache. Google yenyewe inasema tovuti ya ukubwa wa kati huchukua wiki kadhaa mpaka kurasa nyingi zihamie, na katikati hapo nafasi zako zitapanda na kushuka. Mtu anayeanza kazi hii Juni, msimu unaingia, simwelewi. Ridairekti zenyewe ziache angalau mwaka mzima. Mimi siziondoi kabisa, hazili kitu.

Ile fikra yako nyingine ya kuhama kutoka .com kwenda .co.tz ni safari tofauti, ina chombo chake ndani ya Search Console cha kutangaza domeini mpya, na hicho hakitumiki kwa kubadilisha majina ya kurasa ndani ya domeini ile ile. Usizifanye zote mbili kwa pamoja.

Bandika hapa orodha ya anwani zako na idadi ya waliobonyeza kila moja kwa mwaka uliopita. Nitakuonyesha zipi ningeziacha.