Homoni ya mafuta na figo za watu wa sukari: maswali yenu ya wiki hii

*Nasikia kuna homoni kwenye damu inalinda figo za mtu mwenye sukari, duka gani la dawa hapo Darajani wanayo? Bi mkubwa, Mwembeladu*

Hata moja bi mkubwa wangu. Inaitwa adiponektini na inatengenezwa na seli za mafuta ya mwili wako mwenyewe. Iligunduliwa miaka ya 90, ila kwenye figo stori ilipamba moto 2008, watafiti waliwaangalia panya wasiokuwa nayo wakakuta wanavujisha protini kwenye mkojo, walipopewa uvujaji ukapungua. Ndani ya figo kuna seli zina miguumiguu kama pweza, zimevikumbatia vimishipa vinavyochuja damu, na hii homoni inaonekana inasaidia ile miguu isilegee. Lakini hao ni panya jamani, dawa yake ya mtu haijatoka.

*Kama inatoka kwenye mafuta mie kibonge si ninayo tele? Chake Chake*

Hahaa, ndo kinyume chake ami! Tumbo likijaa mafuta inashuka, ukipungua inapanda. Sasa kichekesho chenyewe, watu wa kisukari aina ya kwanza ambao figo zishaanza kuharibika wanakutwa nayo nyingi, na mwenye nyingi zaidi mara nyingi ndo figo zinazidi kwenda vibaya. Wengine wanasema figo mbovu inashindwa kuitoa, wengine wanasema mwili unajitetea, mie hili la pili linaniingia akilini zaidi ila bado wanabishana, kwa hiyo usitoe pesa yako kwenda kuipima.

*Mkojo wangu una povu halikatiki, nipime nini basi? Wete*

Albumini, yaani ile protini inayovuja, kwenye mkojo na kreatinini, taka ambayo figo huitoa, kwenye damu, tena mwenye sukari apime kila mwaka hata kama hasikii kitu, figo haziumi mapema zile. Albumini ikifika miligramu 30 kwa kila gramu ya kreatinini ya mkojo, ukarudia baada ya miezi 3 bado iko hapo hapo, figo zishaguswa. Na presha usiisahau. Dawa za kulinda figo zipo, losartani ya presha kwa mfano, muulize daktari wako.

*Babu kanipa mizizi nichemshe nisafishe figo, ninywe? Micheweni*

Usinywe. Na kama kila siku unameza diklofenaki, zile dawa za maumivu ya mgongo, hizo ndo kabisaa, acha leo.