Ulimi Unaowaka na Asidi ya Alfa-lipoiki: Ushauri Kabla ya Kununua

Ulimi unaowaka kana kwamba umepakwa pilipili, ilhali daktari wa meno haoni kidonda wala utando, humchosha mtu mara mbili: kwa maumivu yenyewe, na kwa kulazimika kuwaeleza wengine kwamba maumivu hayo yapo. Hali hii, iitwayo mdomo kuwaka, huwapata zaidi wanawake waliokoma hedhi, nami ni mmoja wao. Asubuhi huwa na nafuu, lakini jioni, nikiwa ndani ya matatu kwenye msongamano wa Barabara ya Thika, ncha ya ulimi huwa imekwisha kuwaka, na ajabu ni kwamba nikila hupoa.

Asidi ya alfa-lipoiki, ambayo mwili hujitengenezea kwa kiasi kidogo, imetumiwa kwa miaka mingi nchini Ujerumani kwa wagonjwa ambao neva zao zimeharibiwa na kisukari. Utafiti wa mwanzo kuhusu mdomo kuwaka, uliotumia miligramu 600 kwa siku kwa miezi miwili, ulileta matumaini makubwa. Hata hivyo, majaribio mawili yaliyochapishwa mwaka 2009 hayakuona tofauti ya maana kati yake na vidonge visivyo na dawa. Mimi naipa nafasi, ila si ya kwanza.

Anza kwa kupima damu: madini ya chuma, vitamini B12, foleti, zinki, sukari na homoni za tezi ya shingo. Anayemeza metformin, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu anaweza kupungukiwa na B12, na dawa za presha kama enalapril zimewahi kuhusishwa na mdomo kuwaka. Usiziache kwa uamuzi wako, muulize aliyekuandikia. Angalia pia dawa ya meno, hasa yenye minti kali au mdalasini. Kwangu, kubadilisha dawa ya meno na kuacha kwa muda chai ya tangawizi kulisaidia kuliko kapsuli yoyote niliyoimeza baadaye.

Ukiamua kuijaribu asidi hii, soma kibandiko, kwa sababu chupa zinazofanana huwa na nguvu tofauti, na mweleze mfamasia dawa zako zote. Humezwa tumbo likiwa tupu, kwani chakula hupunguza kiasi kinachofyonzwa, ingawa wengine hupata kiungulia. Inaweza kushusha sukari, hivyo anayejidunga insulini asiianze bila daktari wake kujua.

Kila jioni niliandika makali ya maumivu kwenye daftari, kuanzia 0 hadi 10, kwa kuwa kumbukumbu ya mtu aliyekwisha kulipia chupa haiaminiki sana. Namba zangu zilishuka kidogo tu. Zako zisiposhuka baada ya miezi miwili, acha kununua, urudi kwa daktari kuuliza kuhusu klonazepamu ya kumung'unya na kutema, dawa ambayo ina ushahidi mzuri zaidi, lakini hutolewa kwa cheti cha daktari pekee kwa sababu huleta usingizi na mwili huweza kuizoea.